Ukimuuliza Mteja, Mrudishie Jibu

Ndugu zangu wafanyabiashara, mama zangu wa vikundi vya usindikaji, vijana mnaouza mtandaoni, habari za asubuhi. Asanteni kwa kufika. Najua karibu kila mmoja wenu amemwachia mtu duka au kibanda ili aje hapa, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutumia zana za intaneti kufanya kazi bega kwa bega na wateja. Ninavyoona, wengi wetu tunatumia simu kumtangazia mteja. Wachache tunaitumia kumsikiliza. Wanaomsikiliza kisha wakamrudishia jibu, wakamwambia "ulisema hivi, tumefanya hivi," hao ni wachache zaidi, na faida iko kwao. Leo nataka tukae hapo.

Nianze na jambo ambalo wote mnalo mfukoni. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya kuanzia Oktoba 2005, haikukusudiwa kuwa hiki tunachokijua. Safaricom na Vodafone waliijaribu pamoja na taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya, ili wakopaji wapokee mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Wateja wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mtu alimlipia mwenzake rejesho. Mwingine aliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, akazitoa alikofika, ili asitembee na fedha taslimu njiani. Wakatumiana wao kwa wao. Waendesha mradi wangeweza kusema wateja wanavuruga huduma. Walifanya kinyume chake, wakaitazama ile "vurugu" kwa makini, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 mkopo ulikuwa umewekwa kando: watu waliambiwa watume pesa nyumbani. Wateja ndio walioionyesha kampuni bidhaa yake.

Hapo intaneti haikuhusika sana. Nimeutanguliza mfano huu kwa sababu unatuonyesha kwamba zana huja baada ya tabia. Asiyetaka kuona mteja anafanya nini na bidhaa yake, hata umpe simu ya bei gani, hataona.

Sasa twende mbali kidogo, Denmark. Kampuni ya LEGO, ile ya matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, mwaka 1998 ilitoa seti iitwayo Mindstorms, ambayo mtoto anaunda roboti kisha anaiagiza kazi kwa kompyuta. Haukupita muda, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford akafumbua jinsi ubongo wa ile roboti unavyofanya kazi, akayaweka mtandaoni yote aliyogundua. Wengine wakayachukua, wakaandika programu zao wenyewe, zenye uwezo kuliko ile ya dukani. Mwenye kampuni angefanya nini? Wengi wetu tungekimbilia kwa mwanasheria. LEGO iliamua kuwaachia, na ikaandika kwenye leseni ya programu yake kwamba mtumiaji ana haki ya kuichokonoa.

Lakini kilichofuata ndicho ninachotaka mkichukue. Kampuni ilipoingia kwenye hasara kubwa miaka ya 2003 na 2004 na kutaka kutengeneza toleo jipya la Mindstorms, ilichagua watumiaji wanne waliojulikana mtandaoni kwa umahiri wao, ikawaomba watunze siri, ikaanza kushauriana nao kwa barua pepe. Hawakuitwa kusifia kitu kilichokwisha. Waliulizwa kuhusu vihisi (vifaa vinavyoifanya roboti ihisi kilicho mbele yake), vipande na programu wakati bado vinaweza kubadilishwa. Walipokwenda makao makuu, mji wa Billund, walijilipia nauli, na malipo yao yalikuwa matofali na roboti za majaribio. Toleo hilo, Mindstorms NXT, liliingia sokoni 2006.

Mimi nina neno kuhusu hiyo nauli. Wale watu waliifurahia kazi, hilo halina ubishi. Lakini msiondoke hapa mkidhani mteja ni kibarua wa bure. LEGO yenyewe baadaye ilifika mahali pazuri zaidi. Kwenye mpango wake wa LEGO Ideas, mtu yeyote anaweka mtandaoni muundo alioubuni, akipata watu 10,000 wa kumuunga mkono kampuni inaujadili, na ukitengenezwa, mbunifu hupata asilimia 1 ya mauzo halisi pamoja na jina lake kutajwa. Asilimia 1 ni ndogo, lakini imeandikwa, na kila mtu anaijua kabla hajaanza. Mteja akikupa wazo la ladha mpya ya achari yako ikauzika, mpe chupa kadhaa, mtaje mbele ya wenzake kama ameridhia kutajwa. Ahadi hiyo itangaze mapema, si baada ya ugomvi.

Dell, kampuni ya kompyuta ya Marekani, nitaitaja kwa haraka. Mwaka 2005 wateja walikuwa wakiilalamikia hadharani mtandaoni kuhusu huduma zake, na malalamiko yakaenea. Februari 2007 ikafungua ukurasa uitwao IdeaStorm, watu waandike mawazo na kuyapigia kura. Wengi wakaomba kompyuta zenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Kufikia Mei mwaka huohuo Dell ilikuwa inauza kompyuta zenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Miezi mitatu tu! Watu waliona kura yao imefanya kazi. Angalizo langu ni moja: anayepiga kura mtandaoni si lazima awe mnunuzi. Likes elfu moja si oda elfu moja. Kabla hujabadilisha bidhaa kwa sababu ya kelele za mtandaoni, angalia daftari la mauzo.

Haya, turudi kwetu. Tuseme wewe unasaga unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga. Una grupu la WhatsApp la wateja wako. Asubuhi mmoja anaandika: "Dada, unga wako safari hii mchungu." Hapo ndipo biashara inapojulikana. Wapo wanaofuta ujumbe ule haraka wengine wasiuone. Wapo wanaomfuata mteja faragha, wakamtuliza, grupu likabaki kimya. Nakuomba ujibu palepale: "Pole sana mama. Uliufungua lini? Unauhifadhi kwenye nini? Nisomee tarehe iliyo kwenye pakiti." Kisha waulize wote: nani mwingine amekutana na hali hii?

Majibu yakija, huenda ukagundua kwamba wanaolalamika ni wale walionunua pakiti ya kilo mbili na kukaa nayo wiki nyingi jikoni penye joto. Mafuta ya karanga na soya huchacha yakikaa kwenye joto na hewa, na unga hubadilika ladha. Sasa una jambo la kuamua pamoja nao. Je, wangependa pakiti ya nusu kilo? Je, karanga isagwe pembeni, kila mtu achanganye mwenyewe? Weka kura hapohapo kwenye grupu, WhatsApp ina sehemu ya kura. Ukishaamua, rudi useme: "Tumeanza pakiti za nusu kilo, ni kutokana na mlivyotuambia." Na kama pakiti imeharibika kiwandani kwako, rudisha pesa au badilisha, na ulitaje hilo grupu zima likisikia.

Kuhusu zana yenyewe, msihangaike na vitu vya gharama. WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ni bure: unaweka bidhaa na bei zake, unawawekea wateja lebo, unaandika jibu la kuwapokea wakikukuta umelala. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inachukua watu 256, na anaupata tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mteja akishanunua mwombe aihifadhi. Fomu za Google zinafaa kwa maswali machache, matatu yanatosha. Nami nawasihi: acheni "bei njoo inboksi." Mtu ametumia bando lake kukufikia, ameuliza bei, halafu unamtuma kwingine. Anahisi unampima mfuko kwanza. Andika bei.

Wapo pia wateja wasio na simu janja, mara nyingi wazee na wa vijijini, na mara nyingi ndio wateja wa miaka mingi. Swali uliloliuliza kwenye grupu, wapigie hao uwaulize pia. Bila hivyo utajenga bidhaa kwa ajili ya wenye bando tu.

La mwisho ni namba za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019, na Uganda vilevile. Namba uliyopewa kwa ajili ya oda ya unga usiiingize kwenye grupu bila kuuliza, wala usimpe rafiki yako anayeuza vitenge. Picha ya mtoto anayekunywa uji wako usiiposti mpaka mzazi aseme ndiyo, na akibadili mawazo kesho, iondoe bila kumuuliza sababu.

Tuanze maswali. Nimemwona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kurudisha pesa. Karibu, mama, anza wewe.