Kila Mtoto na Mtu Wake: Usalama wa Watoto Wadogo Katika Boti za Matembezi

Ndugu wazazi na walezi, nanyi manahodha mlioziacha boti zenu asubuhi hii, nawashukuru kwa kuitika. Shule zikifungwa mwezi Desemba, familia nyingi za Dar es Salaam hushuka hapa Kunduchi, hukodi boti ya faiba na kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya na masufuria, mikeka na watoto wa kila rika. Kwa kuwa kisiwa kinaonekana kutoka ufukweni, wengi huihesabu safari hiyo kama kuvuka barabara. Mimi nimeendesha boti katika maji haya kwa miaka mingi, na nililojifunza ni kwamba hatari kubwa ya mtoto mdogo haiko kwenye wimbi la katikati ya safari, wakati kila mtu ameketi na macho yake yako wazi, bali iko katika zile dakika chache za kupanda na kushuka, watu wazima wanapokuwa wameshughulika na mizigo.

Siku moja niliwashusha kisiwani watu wazima saba na msichana wa miaka minne. Omo, yaani mbele ya boti, ilikuwa imegusa mchanga, huku kwenye tezi, yaani nyuma, maji yakimfika mtu kifuani. Shangazi alidhani mtoto yuko na mama, mama naye alidhani yuko na shangazi, na wote walikuwa wakipokezana vyombo, kumbe mtoto ameshateleza ubavuni mwa boti. Hakupiga kelele hata kidogo. Nilichokiona mimi ni jaketi la njano likielea, nikalishika. Mtoto anayezama hapungi mkono wala haiti mtu, maana pumzi yote anaitumia kutafuta hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Tangu siku hiyo siisukumi boti kabla ya kusikia, kwa sauti, nani ni mtu wa mtoto yupi. Mtu huyo habebi chungu, hapigi picha, na akitaka kwenda kuogelea humkabidhi mwenzake kwa kutamka, kisha husubiri ajibiwe: “Nimempokea.” Najua wengine huniona nina makeke, lakini abiria wakishazoea huanza wenyewe.

Sasa jaketi okozi. Mtoto alivae akiwa bado mchangani na alivue akiwa amerudi mchangani, kwa sababu jaketi lililofungwa chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha kuanguka. Liwe la uzito wake, nao uzito huo huandikwa ndani ya jaketi. Jaketi la mtu mzima ni hatari kwake: akiingia majini, linapanda juu naye anachomoka kwa chini. Kipimo ni rahisi. Mfunge mikanda yote, ukiwemo ule unaopita katikati ya miguu, kisha lishike jaketi mabegani ulinyanyue; likipita kidevu na kufika masikioni, ni kubwa. Manahodha, tusiyafanye majaketi kuwa matakia, maana sponji ikikaliwa kila siku hubonyea na kupoteza nguvu ya kuelea. Yale maputo ya mikononi na maduara ya rangi yanayouzwa ufukweni ni vitu vya kuchezea tu.

Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa jambo hili linagusa mila yetu. Mama hupanda botini na mtoto mchanga mgongoni kwa mbeleko, tena amevaa jaketi lake vizuri. Mama huyo akianguka, jaketi litamlaza chali ili uso wake uwe juu, na hivyo ndivyo lilivyotengenezwa. Lakini mtoto aliye mgongoni atakuwa chini yake, ndani ya maji, na fundo la kanga iliyolowa halifunguki upesi. Kwa hiyo mbeleko ifunguliwe ufukweni, na mtoto apakatwe kifuani akiwa na jaketi lake mwenyewe, mama ameketi katikati ya boti. Mtoto ambaye halijapatikana jaketi la kumkaa abaki nchi kavu na bibi yake. Wala msimfunge mtoto kwa kamba kwenye boti, kwani boti ikipinduka atakwenda nayo.

Mtoto akianguka boti ikiwa inakwenda, mtu mmoja amnyooshee kidole asiondoe macho, na mwingine arushe chochote kinachoelea. Nahodha ageuze omo kuelekea upande alikoangukia, ili tezi na pangaboi la mashine viende mbali naye, kisha arudi taratibu na kuzima mashine kabla ya kumfikia. Mashine izimwe vilevile kila watu wanaposhuka. Kuiacha ikinguruma eti gia haijaingia hakutoshi. Mtoto akitolewa hapumui, msimning’inize kichwa chini kutoa maji, kwani mnapoteza muda: mpulizieni pumzi 5 kwanza, ndipo mwanze kukandamiza kifua, na boti iwahi bara. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Juu ya jua na upepo nitasema machache, maana mnayajua: kofia, maji ya kunywa, na kurudi mapema kabla upepo wa alasiri haujachafua bahari.

Nimekuja na majaketi matatu ya vipimo tofauti. Naomba mzazi mmoja aliye na mtoto hapa asogee mbele, tumvishe na kumpima mbele ya wote.