Kitanzi Kinapogoma Kutoka

MWAJUMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia kutoa kitanzi cha uzazi wa mpango, yaani kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi kuzuia mimba, kazi ambayo kwa wanawake wengi humalizika kwa dakika chache, lakini kwa wengine huwa na vikwazo ambavyo hawakuelezwa siku walipowekewa. Niko na mwenzangu Salome, ambaye ni mkunga. Dada Salome, tuanze na hali ya kawaida, ili msikilizaji ajue matatizo yanaanzia wapi.

SALOME: Ahsante, dada Mwajuma. Katika hali ya kawaida, mtoa huduma hutumia kifaa cha kupanulia uke, akauona mlango wa kizazi na nyuzi mbili nyembamba zilizotokeza hapo, kisha akazishika kwa koleo na kuzivuta taratibu bila kushtua. Vitanzi vingi vina umbo la herufi T, na kinapovutwa mikono yake hujikunja kuelekea juu, kikateremka. Mwanamke husikia msokoto kama wa hedhi, na aghalabu huishia hapo. Wapo pia wanaopata kizunguzungu, kwa sababu kuguswa kwa mlango wa kizazi huweza kupunguza kasi ya moyo na kushusha shinikizo la damu kwa ghafla, kwa hiyo si vizuri kumharakisha mtu ashuke kitandani.

MWAJUMA: Kabla hatujafika kwenye nyuzi zisizoonekana, kuna malalamiko ambayo hayahusu mwili hata kidogo. Mwanamke anafika kituoni, anasema anataka kitanzi kitolewe, naye anaambiwa kwamba muda wake haujaisha na kwamba avumilie, au anatakiwa kueleza sababu itakayomridhisha aliyevaa koti jeupe.

SALOME: Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa kuliko yote uko hapo. Anayetumia vidonge anaweza kuviacha leo bila kumwomba mtu yeyote, lakini mwenye kitanzi anahitaji mkono wa mwingine, na mkono huo ukikataa, hiari aliyoahidiwa imekwisha. Miaka inayotajwa, mathalani 10 au 12 kwa kitanzi cha shaba cha aina iitwayo T 380A kutegemea mwongozo unaofuatwa, ni kikomo cha juu cha kutegemea kinga yake, wala si mkataba wa kukaa nacho. Ni sahihi kumweleza mwanamke kwamba hedhi nzito na maumivu ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo hupungua kwa wengi, kwani huenda taarifa hiyo ikambadilishia uamuzi. Lakini akishasikia hayo na bado akasema kitolewe, kitolewe. Kutaka tu kunatosha kuwa sababu.

MWAJUMA: Nami nadhani mipango inayojisifu kwa idadi ya waliowekewa, bila kuuliza ni wangapi waliotaka kutolewa wakatolewa, huwa inapima nusu ya kazi.

SALOME: Na nusu iliyo rahisi. Kuna hata huduma ambazo kuweka ni bure na kutoa ni kwa malipo, jambo ambalo mtu anapaswa kuelezwa kabla, si baada.

MWAJUMA: Sasa tuseme hakuna aliyemkataza, mtoa huduma anachungulia, na nyuzi hazionekani. Maana yake ni nini?

SALOME: Mara nyingi nyuzi zimejikunja ndani ya njia ya mlango wa kizazi, au zimepanda hadi ndani ya mfuko wa uzazi huku kitanzi chenyewe kiko mahali pake. Hata hivyo, jambo la kwanza ni kipimo cha mimba, kwa kuwa mfuko wa uzazi unapokua huzivuta nyuzi juu. Ikiwa hakuna mimba, huingizwa brashi ndogo laini, ile inayotumika kuchukua chembe za mlango wa kizazi, ikazungushwa polepole ili inase nyuzi na kuzishusha. Mara nyingi hilo hutosha. Lisipotosha, ultrasaundi ionyeshe kitanzi kiko wapi, kisha mtaalamu mwenye uzoefu akifuate kwa koleo nyembamba au kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Dawa ya ganzi inaweza kuchomwa kwenye mlango wa kizazi, na mwanamke ana haki ya kuiomba. Nisichokubali ni mtu kupapasa ndani mara kwa mara bila kujua anatafuta wapi, mwanamke akiugulia.

MWAJUMA: Hizo nyuzi hazikuwapo tangu mwanzo wa vitanzi, sivyo?

SALOME: Hazikuwapo katika vyote. Nchini China, pete za chuma zisizo na uzi zilitumika kwa wingi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuzitoa kulihitaji ndoana na mtaalamu. Kwa upande mwingine, kitanzi cha plastiki cha daktari Jack Lippes wa Marekani, kilichoanza kutumika miaka ya 1960, kilikuwa na uzi uliowezesha kukivuta na pia kuhakikisha kwamba bado kipo. Ukilinganisha hayo mawili, unaona kwamba ugumu au urahisi wa kutoa ni jambo linaloamuliwa na mtengenezaji mapema kabisa.

MWAJUMA: Na kama ultrasaundi haikioni kabisa? Wengine huambiwa, «Basi, kilianguka,» wakarudi nyumbani.

SALOME: Kweli kinaweza kuanguka bila mwanamke kujua, hasa katika mwaka wa kwanza na wakati wa hedhi. Lakini kutoonekana kwake hakuthibitishi kwamba kimeanguka. Lazima ipigwe eksirei ya tumbo lote pamoja na nyonga, kwa sababu katika takriban mwanamke 1 hadi 2 kwa kila 1,000 wanaowekewa, kitanzi hutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi, na hatari hiyo huongezeka kwa anayenyonyesha na kwa aliyejifungua karibuni. Kilichoingia tumboni hutolewa kwa upasuaji, kwa kawaida ule wa matundu madogo. Mpaka hilo lijulikane, mwanamke atumie kinga nyingine.

MWAJUMA: Tuwasemee pia waliofikia kukoma hedhi. Wengi hukiacha kwa kuwa hakiwasumbui.

SALOME: Baada ya hedhi kukoma, mlango wa kizazi husinyaa na kuwa mwembamba, kwa hiyo kila mwaka unaopita huweza kuongeza ugumu. Aliyevuka miaka 50, na mwaka mzima umepita bila hedhi, akatolewe ikiwa kitanzi chake ni cha shaba. Mwenye kile cha homoni aulize kwanza, maana chenyewe huweza kusimamisha hedhi na kumchanganya.

MWAJUMA: Na anayekitoa huku hataki mimba?

SALOME: Uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja, na mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili hadi siku 5. Kwa hiyo atumie kondomu au ajizuie kwa siku 7 kabla ya kutolewa, na njia mpya iwe tayari siku hiyohiyo.

MWAJUMA: Kuna lolote la kufanya kabla ya kushuka kitandani?

SALOME: Aombe kukiona. Mara chache mkono mmoja huvunjika na kubaki ndani, na anayeharakisha kukitupa hawezi kujua. Mikono yote miwili ikiwapo na shina likiwa zima, hapo ndipo kitanzi kimetoka; kipande kikikosekana, kiandikwe kwenye kadi na ultrasaundi ifanyike.