Namba ile si pointi za shule

Wamama, wababa, nanyi vijana mliosimama kule nyuma, karibuni. VVU ni nini na vinaingiaje mwilini, hayo mmeyasikia hapa Bukavu tangu utotoni, siyarudii. Leo nina karatasi moja tu mkononi: majibu ya wingi wa virusi. Wengi wenu mnaikunja, mnaitia mfukoni, mnaenda zenu.

Kuna baba mmoja wa Kadutu, amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja. Alikuja kwangu uso unang'aa. Mwaka uliotangulia karatasi yake ilikuwa na 210, safari hii 4 300. "Nimepanda!" akasema, na kuku alikuwa amekwisha kumnunua. Nikazilaza karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa CD4, askari wa mwili. Ya pili ilikuwa virusi vyenyewe. Askari tunawataka wawe wengi. Virusi tunavitaka vipungue hata mashine ishindwe kuviona. 4 300 maana yake ni nakala 4 300 za virusi katika mililita moja ya damu, yaani katika matone kama 20 hivi. Baba wa watu alikuwa anasherehekea adui kuongezeka!

Msimcheke. Sisi tumelelewa kwa pointi. Mtoto akileta 80 tunapiga vigelegele, akileta 30 tunamwuliza alikuwa wapi. Na kwenye kile kituo alikopewa karatasi, aliambiwa "majibu yako haya", kisha akaitwa mwingine. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Dakika mbili za maelezo, watu wanazinyimwa!

Nikamwuliza taratibu, tukafika kwenye ukweli: alikuwa anavuka kwenda kisiwa cha Idjwi kwa biashara, analala huko siku nyingi, anaona haya kumeza kidonge mbele ya wenzake. Hatukumbadilishia dawa. Namba ya virusi ikizidi 1 000, kwanza tunazungumza na mgonjwa jinsi anavyomeza, kisha tunapima tena baada ya miezi 3. Alipata mahali pa kufichia vidonge vyake, akameza kila siku. Kipimo kilichofuata: <50.

Sasa namsikia mama mmoja moyoni mwake: "Yangu imeandikwa indétectable, yaani virusi havionekani, basi nimepona." Hapana, mama. Nenda ziwani usiku, uwatazame wavuvi wa sambaza. Wavu ukipanda mtupu, utasema Kivu imeisha samaki? Mashine nayo ina matundu yake. Moja haihesabu chini ya 50, nyingine chini ya 20, ndiyo maana mnaona ile alama < mbele ya namba. Virusi vichache vimelala ndani ya seli, dawa haivifikii huko. Ukiacha vidonge, kwa wiki chache tu vinaamka na kujaa damu. Wala usikimbilie kipimo cha kidole "kuhakikisha": kile kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya virusi, nacho kitaendelea kuonyesha kwamba unavyo.

Lakini neno hilo lina nguvu kubwa, na wanandoa walisikie vizuri. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023: mwenye virusi visivyoonekana, akiendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hamwambukizi kabisa! Vikionekana lakini havizidi 1 000, hatari iko karibu na sifuri. Kuna nyumba zimevunjika kwa kukosa habari hii, na kuna vijana wanaogopa kuoa. Kunyonyesha ni habari nyingine: hatari inakuwa ndogo sana, ila haifiki sifuri, kwa hiyo mtoto anafuatiliwa. Wenye watoto wachanga tubaki nyuma kidogo.

Mtu atasema, "Na barabara zikifungwa?" Swali la haki, tumeyaona. Kama hali yako imetulia, omba kituoni vidonge vya miezi 3 au 6 kwa mara moja, usingoje chupa ibaki na vidonge viwili.

Muda umeniishia. Kupima: mwezi wa 6 tangu kuanza dawa, mwezi wa 12, halafu kila mwaka. Dawa za kifua kikuu na zile za kiungulia, ambazo zinaweza kugongana na vidonge vya VVU, nilitaka kuzieleza pia. Mnaozimeza, mwambieni daktari kabla ya kuondoka hapa. Mama mwenye kitenge cha njano, mkono wako uko juu tangu zamani. Sema, mama.