Kabla ya rimu pana, itazame ekseli

DADA: Shikamoo fundi.

FUNDI: Marahaba dada. Wasikilizaji wetu, karibuni.

DADA: Leo tunazungumza na wenye Land Rover za zamani hapa Arusha, zile Series. Mtu ametoa injini ya asili, amefunga dizeli ya Toyota, sasa anatamani tairi kubwa na rimu pana. Aanzie wapi?

FUNDI: Aingie chini ya gari. Rimu zitanunuliwa mwisho. Ukiongeza nguvu ya injini na ukubwa wa tairi, vyote viwili vinakwenda kuisumbua hafu shafti, ile fimbo ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu. Zile za nyuma zenye difu ya kawaida ya Rover, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, zina meno 10 tu upande wa difu, na hapo ndipo zinapokatika. Umejaza mzigo, unapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, umesimama mlimani, ukaachia klachi kwa pupa. Imekwisha.

DADA: Ikikatika, gurudumu linachomoka?

FUNDI: Kwenye Land Rover, hapana, na hili naomba lisikilizwe vizuri. Habu yake, kile kitovu kinachofungiwa rimu, inakaa juu ya beringi mbili, na uzito wa gari unabebwa na bomba la ekseli. Hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unaweza kufungua boliti sita ukaichomoa, gari likabaki limesimama kwa magurudumu yake. Lakini saluni nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, na pikapu ndogo, rimu inafungwa kwenye hafu shafti yenyewe. Ile ikikatika upande wa nje, gurudumu linaondoka.

DADA: Na kuna watu wanashawishiwa wafunge ekseli ya pikapu kwa sababu spea zake zimejaa mjini.

FUNDI: Spea ni jambo la kweli, silipuuzi. Ila mtu ajue kwanza ni ekseli ya aina gani. Mimi kwa gari la Series ningetafuta Salisbury, ile nene ya nyuma ya Land Rover 109. Uwiano wa difu ni 4.7, yaani propela shafti (ile fimbo inayotoa nguvu kwenye giaboksi kwenda difu) inazunguka mara 4.7 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ni sawa na ule wa asili, kwa hiyo ya mbele huigusi. Pua yake ni ndefu, kwa hiyo propela shafti ya nyuma itafupishwa, na ikifupishwa lazima ibalansiwe.

DADA: Ekseli za Range Rover ya zamani je? Wengi wanazipendea diski breki.

FUNDI: Breki zake nzuri, nakubali. Difu zake ni 3.54. Sasa mtu anafunga ya nyuma tu, mbele anaacha 4.7. Siku akiingiza fowili, magurudumu yote manne yavute, mbele na nyuma zinataka mwendo tofauti, zinavutana mpaka kitu kivunjike. Ukibadilisha moja, badilisha zote mbili.

DADA: Na upana?

FUNDI: Series, kutoka katikati ya tairi moja hadi ya pili, ni milimita 1308. Range Rover ni 1486. Kila upande unasogea nje milimita 89, tairi inatokeza nje ya madigadi. Tena zile zilitengenezwa kwa springi za koili, si za majani kama za Series, kwa hiyo vikalio vya springi lazima vichomelewe upya kwenye ekseli. Mchomeleaji wa mageti asiiguse kazi hiyo.

DADA: Tuje kwenye rimu. Ukienda dukani unaulizwa tu, "matundu mangapi?"

FUNDI: Na matano hayatoshi kuwa jibu! Kipenyo cha duara la stadi, zile skrubu za kufungia rimu, kwa Land Rover hizi ni milimita 165.1. Saluni nyingi za Kijapani zenye matundu matano ni 114.3. Land Cruiser nyingi zina matundu sita, 139.7. Rimu iliyotobolewa matundu mapya katikati ya yale ya zamani, mimi siipandishi familia ya mtu.

DADA: Spesa?

FUNDI: Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu, au rimu ya ofseti ya kutokeza nje, zote zinasogeza tairi mbali na beringi, na beringi ya nje inabeba kuliko ilivyopangiwa. Kwenye barabara ya vumbi ya kuingia Serengeti, mtetemo ule unaimaliza mapema. Usukani nao unaanza kuvuta.

DADA: Nati je? Naona watu wanachanganya.

FUNDI: Wanachanganya, na inaniumiza moyo. Land Rover za zamani zina stadi za inchi, 9/16. Za baadaye ni M16, yaani milimita 16. Nati ya moja si ya nyingine. Na nati ya rimu ya chuma ina mdomo wa koni. Rimu nyingi za aloi za Land Rover zinataka nati yenye shingo na washa. Ukikosea, nati inakaa kwenye ukingo mwembamba tu, na italegea.

DADA: Kwa hiyo mtu akishafunga zake mpya hapa Arusha...

FUNDI: Akaze kwa kuvukisha, nati moja na ile ya upande wa pili, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kwa kipimo cha kitabu cha gari. Rangi mbichi isiwepo pale rimu inapokutana na habu, maana ikisagika nati zinalegea. Akienda Moshi, ni kilomita 80 hivi: akifika, rimu zikipoa, akaze tena zote kabla hajarudi.