Kukaa Pamoja Wakati wa Kaskazi: Upepo, Mkeka na Maji ya Ukwaju

Assalaam aleikum, na karibuni nyote. Mliokosa viti mkasimama pale mlangoni msisikitike, nyinyi ndio mliopata pahali pazuri. Nitaeleza kwa nini.

Mwajua wenyewe: kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikishika, joto la mchana hapa kisiwani hupita nyuzi 30. Lakini kinachotuchosha hasa ni unyevu. Jasho humpoza mtu linapokauka mwilini, na hewa ikishashiba maji, jasho halikauki, latiririka tu. Ndiyo maana kunyunyiza maji ukumbini au kutundika shuka bichi dirishani, mambo yenye faida kule bara kwenye hewa kavu, hapa huzidisha fukuto. Sisi twahitaji hewa inayotembea.

Nyumba ya Kiswahili ililijua hilo zamani. Mlango wa mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisha mlango wa uani: ifungue yote miwili, upepo una njia. Siku hizi twaweka kabati la televisheni likaziba mlango wa uani, kisha twalalamika nyumba ni tanuri. Walio kwenye fleti wafungue madirisha ya pande mbili zinazoelekeana. Dirisha moja peke yake, hata liwe pana vipi, halina pa kutolea hewa. Feni ya kusimama ikae karibu na dirisha la upande wenye kivuli, ivute hewa ya nje na kuwaelekea watu, kimo cha kifua cha aliyekaa. Madirisha ya magharibi yateremshwe mapazia tangu saa saba mchana. Jua likishaingia, sakafu ya saruji hulinywa na kuwarudishia usiku.

Kwa hiyo baada ya magharibi nje kwapoa kabla ya ndani, na hapo ndipo baraza ionyeshapo kazi yake. Inayoelekea mashariki huwa kivulini tangu alasiri. Asiye na baraza ana dari, lile paa bapa la juu ya nyumba: saa kumi na moja mwageni ndoo mbili za maji pale juu, pakauke, ndipo mtandike. Kule upepo huubeba ule mvuke, ndani haubebwi.

Tandikeni mkeka wa mwaa, si zulia. Mito iwe ya sufi yenye foronya ya pamba. Sponji hushika joto, na kochi la rexini hung'ang'ania mapaja ya mgeni hadi aone haya kuinuka. Mkeka ukilowa, uanikeni kivulini kabla ya kuukunja, la sivyo waota ukungu na harufu haitoki. Mkikaa hivyo nje mkekani, feni ipulize chini, usawa wa miguu: mbu huruka kwa udhaifu, upepo humshinda.

Sasa kinywaji. Kwa watu wanane, chukua ukwaju gramu 250, uloweke saa moja katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, uuvuruge kwa mkono, uchuje. Ongeza lita 1 ya maji baridi, sukari gramu 150, kipande cha tangawizi iliyopondwa na chumvi chembe tu. Usiuloweke katika sufuria ya alumini. Ukali wa ukwaju hula sufuria na ladha hugeuka ya chuma. Barafu itiwe gilasini, si kwenye jagi, maana wa mwisho atakunywa maji matupu.

Viazi karai na bajia nunueni kona. Si uvivu: karai ya mafuta ikichemka saa nzima jikoni, kazi yote ya mapazia imepotea. Udi ufukizwe kabla wageni hawajafika, kisha chetezo kitolewe nje na makaa yake. Kahawa tungu? Naam, hata kwenye joto, ila wanywaji wawe pale upepo unapopita.

Kuna swali la kiyoyozi. Kiwekeni 26. Kukiweka 18 hakukifanyi chumba kipoe upesi zaidi, ni kukinyima kupumzika tu, na bili mtaiona. Kwa kulala, sawa. Lakini kwa watu wanane wanaoingia na kutoka na vikombe, jioni nzima mtashinda mkipigiana kelele: "Mlango!"