Shati Ambalo Halikuvaliwa

Wanafunzi wangu, na nyinyi mafundi mliofunga vibanda asubuhi hii ili mje, asanteni sana.

Naomba mlitazame shati hili. Nililipata Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kwenye robota la kilo 45. Lebo ya bei bado inaning'inia mkononi na kola haijagusa shingo ya mtu. Tunaliita mtumba, lakini halijavaliwa hata siku moja. Lilishonwa, likasafirishwa, likatundikwa dukani, msimu ukapita, likaondolewa.

Na hili lina bahati. Mwaka 2018 kampuni ya Burberry ya Uingereza ilieleza katika ripoti yake kwamba ndani ya mwaka mmoja iliteketeza bidhaa za pauni milioni 28.6. Wenye majina makubwa waliogopa mali yao isije ikauzwa kwa bei ya kutupa. Watu wakakasirika, kampuni ikaahidi kuacha. Ufaransa ikatunga sheria mwaka 2020 ya kukataza uharibifu huo, na Umoja wa Ulaya umeweka marufuku kwa kampuni kubwa, kwa nguo na viatu, kuanzia Julai 2026.

Nazifurahia sheria hizo. Ila kilichokatazwa kuchomwa kitatafuta pa kwenda, na njia ya kuja kwetu inajulikana. Wauzaji mliopo hapa mnajua: kamera, nguo za daraja la kwanza, inaondoka alfajiri, fagia, zile za daraja la mwisho, inabaki chini, na isiyochukuliwa kabisa inaishia Mto Nairobi. Poliesta haiozi humo.

Kwa hiyo mimi leo nataka tuanzie kwenye mshono, kabla ya soko. Jana usiku nilikaa na shati hili na wembe. Ubavuni nilikata uzi mmoja tu, nikavuta, na upande mzima ukafunguka kama mdomo wa gunia la sukari. Kitambaa kikatoka kizima, unaweza kukata gauni la mtoto. Nikafika kwenye kola. Ndani yake kuna kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi na pasi. Nilipokibandua kikang'oka na nyuzi za juu, kola ikabaki na mabaka. Imekufa. Halafu angalieni akiba ya mshono, kile kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani: haifiki sentimita moja. Mteja mnene akija, fundi utatoa wapi?

Aliyechora shati hili hakumfikiria mtu wa pili. Mama zetu walimfikiria. Wakitupeleka kushonewa sare walimwambia fundi, "Acha pindo, huyu anakua." Sketi moja ilishushwa Januari hadi Januari, kisha ikamwendea mdogo wako. Alama za pindo la zamani zilionekana, mistari miwili mitatu iliyofifia, na hakuna aliyeona aibu. Hiyo ndiyo elimu ya ubunifu ninayoitaka darasani kwetu: uzi mahali pa gundi, akiba ya vidole viwili, vifungo vinavyong'oka bila kuchana kitambaa, na kitambaa cha aina moja kila inapowezekana, maana pamba iliyochanganywa na poliesta ni shida kubwa kuitenganisha tena.

Kuna mashati mengine kumi na manne kwenye mfuko ule, yote na lebo zake. Kila meza ichukue moja. Msikate chochote kwanza. Fumueni mshono baada ya mshono, na mniandikie ni wapi wembe umekataa kupita.