Waifai ipinde kona ndani ya nyumba ya mawe

Asalaam alaykum ndugu zangu. Leo nipo Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Tizama unene wa ukuta hapa dirishani: mkono unazama mpaka kiwiko. Ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, iko ukumbini, chumba cha kulala kipo baada ya kona ya ujia, na waifai inafika imechoka. Kabla hujanunua ruta ya pili, jaribu hili: ubao wa foili wa kuyadundisha mawimbi yapite kona.

Pima kwanza. Kaa kitandani, fungua programu ya kupima waifai, chagua masafa ya gigahezi 2.4, andika namba ya nguvu ya mawimbi, inayopimwa kwa desibeli. Ni namba hasi, kwa hiyo -60 ni bora kuliko -75.

Sasa chukua kioo cha kujitazamia. Mwenzako akishike pale ujia unapokata kona, mlango wa chumba uwe wazi, akigeuze taratibu. Taratibu... hapo hapo! Ukiiona antena ya ruta ndani ya kioo, njia umeipata. Mawimbi ya redio hudunda kwa pembe ileile yaliyojia, kama mwanga. Tia alama ya chaki sakafuni.

Tunatengeneza ubao. Kunjua boksi la friji, kata mita 1 kwa mita 1, lifunike lote kwa foili ya jikoni. Usibane ukubwa: wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na kibao cha kiasi cha sahani hulitawanya tu. Mikunjo midogo ya foili haina neno.

Simamisha ubao kwenye chaki, pembe ileile ya kioo. Simu iwe pale jicho lako lilipokuwa. Pima tena, geuza kidogo, pima. Zikiongezeka desibeli 3, nguvu inayofika imekuwa maradufu.

Kinachonifurahisha hasa ni kwamba watafiti wanatengeneza ubao wa aina hii wenye akili. Una mamia ya vipande vidogo vya chuma, na saketi ya umeme huamua kila kipande kilicheleweshe wimbi kwa kiasi gani. Mwali wa mawimbi hugeuka kumfuata mwenye simu, ubao wenyewe hausogei. Hapa kwetu saketi ni mikono yako.

Tafadhali usipigilie misumari kwenye chokaa ya ukuta wa zamani. Egemeza ubao, ufunge kwa kamba. Na siku ukihamisha kitanda, mwite mwenzako ashike tena kioo.